Mpira wa Kunyamazisha Trela

Nakumbuka mlio kabla ya kukumbuka sura ya mtu yeyote. Ngo. Kimya kidogo. Ngo, ngo. Ulitoka nyuma ya kona, upande wa michikichi, na sisi tuliokuwa tunaanika dagaa tuliinua vichwa bila kuona kitu. Mama alisema ni mtu anagonga nyundo. Jirani akasema labda kengele ya kanisa imepasuka. Kisha kamioneti, ile pikapu ya kaka yangu Ramadhani, ikajitokeza, inavuta nyumba nyeupe yenye magurudumu mawili, na nyuma kabisa ya nyumba hiyo lilikuwa limening'inia rundo la chuma, jeusi, kubwa kuliko jiko la harusi.

Asubuhi ya leo, mwanangu, nimeusikia tena. Nilikuwa hapa kwenye mkeka nachambua mchele, sijakuona bado, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Ngo. Ngo, ngo. Ukaingia ukanisalimia vizuri, ukauliza habari za magoti yangu, kisha ukaniomba kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, wa zamani, usio na kazi, ukafunge kwenye shingo ya trela lako liache kupiga kelele njiani. Umesema ni safari ya Kabezi tu, kutoka hapa Rumonge kwa barabara ya ziwani. Umesema friza na jenereta zimechomelewa nyuma imara, fundi amehakikisha, na samaki wameshapakiwa. Mkeo Aisha yuko nje ndani ya gari na mtoto, nimemsikia akikohoa.

Mpira ninao. Keti kwanza. Aisha atatusamehe.

Kaka yangu Ramadhani ndiye babu yako, yule uliyemjua akiwa mzee, anayetembea kwa miguu hadi sokoni na kurudi, jua au mvua, na gari la jirani likisimama kumpa nafasi anashukuru na kuendelea na njia yake. Mlidhani ni ukaidi wa uzee. Siku hizo ninazozisema alikuwa kijana mwenye shingo nene na kicheko cha kuamsha mtaa. Alianza na baiskeli. Alishusha mawese kutoka Kizuka, mitungi mikubwa miwili ya plastiki nyuma na mingine juu yake, na mtu wa baiskeli hajui mahali pengine pa kuweka mzigo isipokuwa nyuma. Miaka yake yote ya ujana mzigo ulikaa nyuma ya mgongo wake. Kumbuka hilo.

Lile trela liliachwa na mhandisi wa kizungu aliyekuja kujenga barabara. Alilala humo hadi kazi ikaisha, akapanda ndege, na trela likabaki penye kambi likikaliwa na kuku. Lilikuwa na kitanda, kabati, dirisha dogo lenye pazia, na mlango mwembamba pembeni. Ramadhani alilipata kwa sababu hakuna mwingine aliyejua la kulifanyia. Yeye alijua. Watu wenye michikichi mbali na barabara walikuwa wakibeba ngazi, matunda ya mchikichi, kichwani, mikungu yenye miiba, mwendo mrefu hadi penye mashine ya kukamulia. Yeye angeipeleka mashine kwao. Angelala pale pale shambani na mke wake Zaina, bibi yako, mpaka ngazi ziishe, kisha wahamie shamba jingine. Lilikuwa wazo zuri, mwanangu, na sikatai hadi leo. Kama hili lako la kufuata samaki mwalo kwa mwalo na friza lako.

Shida ilikuwa mahali pa kuiweka mashine. Ilikuwa ya chuma kitupu, na injini yake ya mazutu, yaani dizeli, peke yake ilihitaji wanaume wanne. Kitanda kilikuwa mbele ya trela, na Zaina alikuwa na mimba changa, hataki kusikia harufu ya mazutu kabisa. Basi mashine ikaenda nyuma. Zaidi ya hayo, Ramadhani alitaka akifika shambani arudishe trela kinyumenyume hadi chini ya michikichi na kuanza kazi bila kufungua kitu. Fundi alipitisha vyuma viwili virefu chini ya sakafu, vikatokeza nyuma kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na juu ya ulimi huo wakaikalisha mashine, nje kabisa, mbali na magurudumu.

Fundi yule alichomelea vizuri. Nataka ulisikie hilo, maana nawe umeniambia fundi wako amehakikisha. Siku ile hakuna chomeo hata moja lililoachia. Mpaka leo nadhani vile vyuma vimeshikana huko viliko.

Dalili zilianza siku ile ile. Trela likifunguliwa kwenye kamioneti, pua yake inaruka juu, na mashine inakaa chini kama kuku anayetaga. Watoto wa mtaa waliligeuza bembea. Wanaume wawili walilazimika kuikalia ile pua ndipo ishuke ifungwe, na kila asubuhi watu walisimama kutazama.

"Rama, nyumba yako inakutoroka!"

"Mwambie Zaina alale puani, itatulia!"

Alicheka nao. Akiwa njiani alituambia usukani umekuwa mwepesi, anauzungusha kwa kidole kimoja, na tulifurahi pamoja naye, tukaona ni gari kupata nguvu. Barabara ya Kizuka ilipokuwa nzuri na akaongeza mwendo, trela lilianza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi, mpaka kamioneti yenyewe ikawa inavutwa huku na huku. Alipunguza mwendo, likatulia. Akasema ni upepo wa ziwani. Na wakati wote huo, pale ambapo kikombe cha chuma cha trela kinafunika tufe la chuma nyuma ya kamioneti, pale shingoni, kulikuwa na ule mlio. Pua ilikuwa haina uzito wa kuituliza. Kwenye kila shimo iliinuka kidogo na kurudi. Ngo.

Sasa nikutambulishe kwa Dezire.

Unawaona hata leo vijana wa baiskeli wanaoshusha ndizi kutoka Bugarama na kupandisha chumvi na dagaa. Wakifika kwenye mlima wanasubiri lori, wanalishika nyuma kwa mkono mmoja, na linawavuta hadi juu. Hakuna anayeshangaa. Dezire alikuwa mmoja wao, mtoto wa Mzee Stefano wa huko juu, mrefu, koti lake limepasuka kwapani, mwimbaji wa kwaya. Ile mashine ya kaka yangu ilikuwa na fremu ya mabomba kuizunguka, na mabomba hayo yalikuwa kama yametengenezwa kwa mikono yao. Ramadhani alikwenda taratibu, hakutoa moshi mwingi, na hakuwafukuza, kwani naye alikuwa ametoka humo humo. Walimpenda. Kwenye mlima alikuwa na wawili, watatu, mara nyingine wanne, kila mmoja na mzigo wake, wote wamening'inia mahali pale pale palipokwisha kuwa pazito mno.

Dezire alipita nyumbani kwetu akishuka, akimwita kaka yangu shemeji ili tu amuudhi. Sina zaidi la kusema hapo. Nilikuwa msichana, na nilijua saa zake za kupita.

Siku moja alisimamisha baiskeli penye kamioneti, akasikiliza trela likisogezwa, akashika kiuno.

"Rama, sha, nyumba yako iko nabisha hodi. Muifungulie!"

"Wewe kila siku unashika bure nyuma yangu, leo unanicheka?"

"Sicheki. Mimi niko mukristu, naogopa nyumba yenye kubisha hodi yenyewe."

Akafungua mpira mrefu wa ndani aliofungia ndizi, akaukata kwa kisu. Akapiga magoti, akauzungusha kwenye ile shingo mara nyingi, akaupenyeza hadi ndani ya kikombe, akakaza, akafunga fundo. Ramadhani alibonyeza kitasa cha kufungia kikombe kwenye tufe. Kikaingia nusu. Akakibonyeza kwa kisigino, kikaingia zaidi kidogo.

"Imetosha," alisema. "Mpira umejaa tu."

Wakaendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya. Mama alitoka akapiga makofi. "Sasa iko gari ya mutu mukubwa," alisema. Dezire akainama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo, na akanitazama kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona.

Mwanangu, acha kutazama simu. Wanaokusubiri Kabezi watasubiri.

Tulipanda Bugarama baada ya hapo, Ramadhani, Zaina katikati, na mimi dirishani, kwa sababu kulikuwa na shamba kubwa linangoja na mikono ilihitajika. Kwenye mguu wa mlima walikuwa watatu wamekaa kwenye majani. Walitupungia. Nilisikia mikono yao ikishika bomba, kisha nikamsikia Dezire akianza kuimba, wimbo wa kanisani kwao, kwa Kirundi, na wenzake wakipokea. Kamioneti ililalamika, ikapanda. Nilitoa kichwa nje nimtazame na Zaina akanivuta gauni.

Kilichofuata sikukisikia. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Kulikuwa na kimya ambacho kaka yangu alikuwa amekitaka, na ndani ya kimya hicho kamioneti iliruka mbele, nyepesi, kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma. Ramadhani alitabasamu. Nililiona tabasamu lile kwa jicho langu. Alidhani injini imepata nguvu.

Kisha wimbo ukakatika.

Tulipogeuka, trela halikuwa nyuma yetu. Lilikuwa chini kidogo, pua yake imeelekea mbinguni, mkia umekaa barabarani. Kitasa kilichoingia nusu kilikuwa kimeachia tufe penye shimo dogo, shimo ambalo ungeliruka kwa mguu, na mzigo wote ukaenda kule ulikokuwa unataka kwenda tangu siku ya kwanza. Wawili walikuwa wameachia. Mmoja alikuwa mtaroni amekaa, anatazama viganja vyake. Baiskeli ya tatu ilikuwa imelala upande, gurudumu linazunguka, na chumvi inamwagika. Mwenye baiskeli alikuwa chini ya mashine.

Watu walitoka kwenye mashamba pande zote. Waliinua kwa miti, kwa mabega, kwa mikono mitupu. Wakamlaza kwenye ingobyi, machela yao ya kusuka wanayobebea wagonjwa na bibi harusi, na wanaume wanne wakaanza kukimbia naye, wakipokezana. Alikuwa anapumua. Nilikimbia pembeni, nimeshika ukingo wa ile machela, mpaka mmoja wao akasema kwa sauti ya chini twende polepole sasa, hakuna haraka tena. Nikajua.

Ya serikali yalikuja yakapita, na sitayasimulia. Nikuambie ya Mzee Stefano.

Walipomaliza kilio chao huko juu, alishuka Rumonge kwa miguu. Tulimwona mlangoni amevaa koti jeusi, fimbo mkononi, viatu vimejaa vumbi la mlima wote. Ramadhani alikuwa amekaa pale ulipokaa wewe.

"Amahoro," alisema mzee.

"Amahoro, Muzee. Karibu."

Mama alimwekea kiti na chai ya tangawizi. Kiti alikikubali. Chai aliitazama ikapoa. Akatia mkono kwenye koti akatoa kipande cha mpira mweusi, chenye fundo, akakiweka gotini.

"Hili fundo ni la mutoto wangu. Nilimufundisha mwenyewe, akiwa mudogo, kwa kufunga kuni. Kwa hiyo sikuja kusema ni wewe peke yako."

Ramadhani hakuinua uso.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ile nyumba yako ilikuwa nalia?"

"Ilikuwa inalia, Muzee."

"Ilikuwa nasema nini?"

Nje mtu alipita anauza samaki wa mukeke, akitaja bei kwa sauti kubwa, na sote tulingoja apite.

"Mimi sijui magari," alisema mzee. "Niko na ng'ombe wawili. Ng'ombe akilia, simufungi mudomo. Naamuka naangalia kwato, naangalia tumbo, naangalia kama kuna mutu kwenye zizi. Nyinyi vijana wawili, wenye akili, mulisikia kitu kizito chenye kulia. Mukafunga mudomo wake. Mukafurahi."

Ramadhani akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, mtu yule mwenye shingo nene.

"Usinililie mimi," mzee alisema, bila ukali. "Mimi nimelia kabla yako, na bado sijamaliza. Ungeuliza tu. Ungeshuka ukauliza, kwa nini inalia? Hata kwa mujinga kama mimi. Ningekuambia, mizigo yote umeweka matakoni, pua itakaa vipi chini?"

Alisimama. Mpira akauacha kwenye kiti. Akasema "murakoze" kwa ajili ya chai ambayo hakuinywa, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili, na akaondoka kupanda mlima wake. Babu yako hakushika usukani tena maisha yake yote. Alikwenda Kigoma, baba yako akazaliwa huko, na waliporudi hakutaka hata kuulizwa. Jina la Dezire hukulisikia nyumbani mwenu. Umelisikia leo.

Unasema Kabezi ni tambarare. Ndiyo, ni tambarare, na ndiyo maana utakimbia, na ukikimbia mkia utaanza kutikisika, na utasema ni upepo wa ziwani. Unasema una mnyororo wa akiba. Vizuri, uwe nao, lakini mnyororo utalishika trela baada ya jambo kutokea, hautalizuia kutokea. Unasema vijana wa baiskeli utawafukuza. Hutawafukuza wote. Mmoja atakushika wakati unatazama mbele, na atakuwa anaimba.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine ya kukuachia, maana nyumba hii ni ya wadogo zako na shamba limekwisha kugawanywa. Kitu kizito usikitundike kwenye mkia wa kitu chepesi. Kirudishe karibu na magurudumu, kitangulie mbele kidogo, pua ikae chini kwa uzito wake wenyewe bila kukaliwa na watu. Kama hakuna nafasi, friza liende ndani ya gari, au lisafiri na mwingine, au libaki. Fundi akikuambia chomeo ni imara, mshukuru, kisha muulize swali la pili, kwa sababu imara na mahali pake ni mambo mawili. Na nje ya matrela pia, mwanangu, maana hutaendesha trela maisha yako yote. Nyumba yako ikianza kupiga kelele, mke wako akianza kusema jambo lile lile kila siku, mwili wako ukianza kugonga mahali, usitafute mpira. Shuka. Zunguka nyuma. Angalia umeweka nini huko, na nani ameshika.

Ulitaka mpira. Huu hapa. Umekaa kwenye kanga hii tangu siku ile, umekauka, umepasuka kidogo, lakini fundo halijafunguka. Sina mwingine. Ninauweka kwenye kiti. Ukiutaka, uchukue mwenyewe, sitakukataza kwa mkono.

Simu yako inaita. Huipokei.

"Bibi," unasema, "yule fundi wa sokoni, wa kunisogezea friza, saa hii iko bado pale?"

Yuko. Mwambie nimekutuma mimi. Na mwambie Aisha aingie na mtoto, chai iko motoni, samaki tutawatafutia barafu kwa jirani.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akuwekee njia yenye kuonekana. Akupe sikio la kusikia mapema na miguu ya kushuka mapema. Kila anayekushika kwa nyuma ufike naye juu, wimbo wake ukiwa haujakatika. Amina. Na Dezire, huko aliko, asikilize hili.

Nenda. Polepole.

Umesimama mbele ya kile kiti muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha umeinama, umeligusa lile fundo kwa kidole kimoja, umeuacha mpira ulipo, na mlango umefungwa nyuma yako.